Ushuhuda wa Mwanamke Asiyekuwepo

Kazi yangu ya mchana ilikuwa kuandika uongo, na kazi yangu ya siri ilikuwa kuandika hadithi. Watu huchanganya vitu hivi viwili, kwa hiyo naeleza mapema. Uongo uliandikwa kwa Kifaransa, ukapigwa kashe, yaani muhuri wa ofisi, ukapelekwa Bukavu kwa wakubwa wa jimbo. Hadithi ziliandikwa kwa Kiswahili, nyuma ya fomu zilizoharibika, zikaishia ndani ya mkoba wangu pamoja na mandazi mawili ya saa nne.

Nilikuwa sekretere katika ofisi moja ya serikali hapa Uvira, ofisi ambayo jina lake lilikuwa refu kuliko orodha ya mambo iliyowahi kuyafanya. Kwa kifupi, tulishughulika na nyumba zilizokuwa zikiliwa na ziwa. Mwaka ule Tanganyika ilipanda, ikakataa kushuka. Barabara ya mwisho ikawa maji, ya pili yake ikawa ndiyo ya mwisho, na viboko wakaanza kupita mbele ya maduka ya mtaa wa Kimanga wakitazama bidhaa. Sisi tuliandika. Kila wiki ripoti moja, na kila ripoti ilimalizika kwa sentensi ambayo shefu wangu aliipenda kama mtoto wake wa mwisho: hali inafuatiliwa kwa karibu. Shefu mwenyewe alikuwa na nyumba upande wa mlimani, na sikuwahi kumwona akilifuatilia ziwa kwa ukaribu unaozidi dirisha la ofisi yake.

Kazi ilianza saa moja na nusu. Shefu alifika saa nne, akiwa amewahi. Kwa hiyo sitaki kumsikia mtu akilalamika kwamba ajira inamnyima muda wa kuandika. Huyo hajapata ajira nzuri. Nilikuwa na saa mbili na nusu kila asubuhi, meza, kalamu ya serikali na ukimya, kwa sababu watu waliokaa kwenye benchi kumngoja shefu hawakuthubutu kunisumbua. Wengi wao walikuja kutafuta ile karatasi tunayoiita atestasio ya mtu mmoja. Huku kwetu mtu ana jina la ubatizo, jina la nyumbani, na jina la tatu lililoandikwa kwenye kadi na karani mwenye usingizi. Kwa hiyo serikali hulazimika kuthibitisha kwamba hao watatu ni mtu mmoja na yuleyule. Niliandika karatasi hizo hadi mkono ukazijua wenyewe. Watu wa benchi walinitazama nilivyojikunja mezani, uso umenikunjamana, wakaambiana kwa sauti ya chini kwamba yule mama anajituma sana. Wakati huo nilikuwa namtoa maiti kwenye pipa.

Naam, niliandika mambo ya kutisha. Maiti, mapepo, polisi mlevi anayegundua muuaji wakati kila mtu ameshakata tamaa. Ugonjwa huu niliambukizwa na parokia. Nilipokuwa shuleni, padri mmoja mzee aliporudi kwao aliacha sanduku la vitabu vya aina hiyo, na sista aliyetunza maktaba, ambaye hakujua kilichomo, aliniruhusu kusoma chochote mradi ninawe mikono. Shida ni kwamba panya wa parokia walikuwa na tabia ya kuanza kula kitabu kutoka mwisho. Nilisoma sanduku zima bila kumjua muuaji hata mmoja. Wenzangu waliokuwa wakinisubiri uwanjani niwasimulie hawakukubali kuambiwa habari za panya, basi nikawa nabuni mwisho mwenyewe, kila siku tofauti, kulingana na nani alikuwa amenikosea asubuhi hiyo.

Watu wenye elimu walinishauri niandike kitu cha maana. Ushauri huo nimeupata kwenye semina, harusini, hata kwenye foleni ya maji. Andika kuhusu amani, walisema. Andika kuhusu kunawa mikono. Mimi naipenda amani kama mtu yeyote aliyeikosa, na mikono nilishanawa tangu kwa sista. Lakini sijamwona mtu aliyeacha ugali ukaungua jikoni kwa sababu alikuwa anasoma karatasi ya kunawa mikono. Mimi nilishaunguza ugali mara nyingi kwa sababu ya mapepo, na nilikula ule mweusi nikiwa na furaha.

Sasa nimtaje mama mdogo. Ni mdogo wake mama yangu, na ndiye aliyenilea mama alipofariki. Nyumba yake ilikuwa kwenye ile barabara iliyokuwa ya pili na sasa ilikuwa ya mwisho. Maji yalikuwa yameshaingia. Kitanda alikiinua juu ya matofali, matatu kila mguu, kuku wakahamia mezani, na yeye akaendelea kupika ndagala kwenye mbabula, jiko lake la makaa, aliyoipandisha juu ya kiti, akiwa amesimama majini hadi kwenye vifundo. Nilimwomba aje kwangu. Alikataa, na alikuwa na sababu nzuri kuliko za kwangu. Ofisi yetu iliahidi kwamba wenye nyumba za kando ya ziwa wangepewa parsele upande wa mlimani, kila mmoja kiwanja chake. Ila sharti moja: tume kutoka Bukavu lazima ije iione nyumba ikiwa imesimama na mwenyewe akiwa ndani. Nyumba iliyokwisha kuanguka ilihesabika kuwa haikuwahi kuwepo. Na ukuta wa mama mdogo wa upande wa ziwa ulikuwa na ufa ambao ungeweza kupitisha kiganja.

Mara tatu niliandika ushuhuda wake, niuambatanishe na ripoti ya wiki. Ripoti zilikuwa za Kifaransa, lakini shuhuda za wakaaji tuliziacha kwa Kiswahili, kwa kuwa hakuna aliyetegemea zisomwe. Mara tatu shefu aliufupisha. Mama mdogo alisema mengi: sauti ya ukuta, kuku aliyezama, jinsi anavyolala ameshika kamba ya dirisha. Shefu alipiga mstari juu ya yote hayo. "Weka mambo ya maana tu," alisema. "Bukavu hawapendi kelele." Kilichobaki kilikuwa: maji yamefika kizingitini, mkaaji anaomba msaada. Mara tatu Bukavu walijibu kwa ukimya ule ule, na mimi, mtoto aliyelelewa katika nyumba ile, niliendelea kupiga kashe. Nilijichukia. Lakini nilikuwa nimeajiriwa, na mtu aliyeajiriwa hujichukia kwa utaratibu, kuanzia saa moja na nusu.

Yale yaliyofutwa niliyatia kwenye hadithi. Hiyo ndiyo hesabu yangu ya haki. Nilianza kuandika habari za Mgeni, kiumbe kinachotoka ziwani kila siku baada ya chakula cha mchana, wakati watu wamejilaza. Anabisha hodi mara tatu. Mwanamke wa nyumba anamfungulia, kwa maana amelelewa vizuri. Mgeni anaketi, nguo zinachuruzika, hana neno baya. Ila kila siku anasogeza kiti chake hatua moja kuelekea kitandani. Mwanamke akimuuliza anataka nini, anajibu kwamba hana haraka. Ili kufurahisha nafsi yangu niliiandika kwa umbo la ushuhuda wa ofisini: mimi mkaaji wa barabara ya mwisho, nashuhudia kwamba. Chini nikaweka jina la mwanamke niliyembuni, pamoja na sahihi yenye mkia. Mwisho sikuwa nao. Niliifikisha mahali ambapo kiti kimegusa kitanda, nikakwama, na panya wa kusingizia sikuwa nao tena.

Katika ofisi yetu umeme ulikuwa habari ya kusimuliwa. Tulikuwa na jenereta, na jenereta iliwashwa Alhamisi, kwa muda ambao mafuta yangeruhusu. Kwa hiyo Alhamisi kila kitu kilipigwa chapa kwa pamoja, ripoti, barua, atestasio, tangazo la msiba wa shangazi yake fulani, na sura zangu. Mashine ilitema karatasi kwa fujo, mimi nikizipanga kwa haraka kwenye farde ya sahihi. Farde hiyo ni jalada kubwa lenye kurasa ngumu zilizotobolewa matundu. Barua hulala humo zikingoja kalamu ya mkubwa. Shefu alikuwa na ufundi wake. Hakufungua ukurasa, aliinua kona ya chini tu, pale penye nafasi ya sahihi, akatia sahihi, akainua kona nyingine. Angeweza kusaini hukumu yake mwenyewe ya kunyongwa, mradi pawe na nafasi chini kulia.

Ijumaa asubuhi, benchi likiwa limejaa na shefu bado, nilifungua mkoba ili nisahihishe sura yangu. Nikatoa ushuhuda wa mama mdogo, mistari miwili, safi, bila kashe. Nilikung'uta mkoba wote juu ya meza. Mandazi yaliviringika hadi kwenye benchi na mtu mmoja akayarudisha kwa heshima. Sura haikuwemo. Bahasha ya Bukavu ilikuwa imeondoka na gari la alfajiri.

Nilikaa nikahesabu makosa yangu. Nilikuwa nimetuma pepo kwa serikali, kwa karatasi ya serikali, kwa sahihi ya serikali. Nilikuwa nimetupa nafasi ya nne ya mama mdogo. Na ile ilikuwa nakala yangu ya pekee, maana rasimu za mkono nilizichoma na kwenye mashine ya serikali sikuacha alama. Nasema ukweli, hili la mwisho ndilo lililoniuma kwanza, na baada ya hapo nikaona aibu. Kumwambia shefu kulikuwa na maana ya kumwambia kwamba hasomi anachosaini, jambo ambalo kila mtu alilijua isipokuwa yeye. Nilinyamaza. Nilijipa moyo kwamba Bukavu nao hawasomi.

Wiki mbili baadaye simu ya shefu ililia, akasimama kuipokea, kwa hiyo nikajua ni Bukavu. Aliitikia ndiyo mara nyingi. Kisha akaniita, akafunga mlango, kitu ambacho hakuwahi kukifanya kwa sababu mlango ule haukufungika vizuri.

"Ulituma nini Bukavu?"

"Farde ya Alhamisi, shefu. Ile mulisaini."

Nilimwona akilitafakari neno la mwisho. Kuna mwanamke, alisema polepole, anayedai kwamba kitu fulani kinatoka majini na kuketi nyumbani kwake. Wakubwa walisoma ushuhuda huo wote, wakausoma tena kwa sauti katika mkutano, na mmoja hakula chakula cha mchana. Tume ilikuwa inakuja wiki ile ile. Shefu alifuta jasho. Angeweza kunifukuza papo hapo, lakini angenifukuza kwa karatasi aliyoisaini? Alichagua njia ya wakubwa.

"Minye nilisemaka siku zote," akasema, "raporo iandikwe na nguvu."

Nikaenda kwa mama mdogo na roho mkononi. Nilimkuta amekaa kitandani, miguu juu, anachambua maharagwe. Nilimweleza kila kitu nikiwa nimesimama majini, viatu mkononi. Nilimwambia kwamba nilichukua maneno yake nikayatia kwenye mambo yangu ya mapepo, kwamba sasa wanakuja kumtafuta mwanamke ambaye hayupo, na kwamba wakigundua, mimi sina kazi na yeye hana parsele. Alitupa haragwe bovu kwenye maji.

"Weye, iyo karatasi, unaikumbuka? Semea minye nisikie."

"Mama, iko uongo."

"Sema."

Nikamsimulia, neno kwa neno, kwa sababu mtu hasahau alichokisahihisha mara kumi na mbili. Kuku walisikiliza mezani. Nilipofika kwenye kiti kinachogusa kitanda, mama mdogo aliangalia ufa ukutani.

"Uongo iko fasi moja tu," akasema. "Unasema anapigaka hodi. Kwangu hapigake hodi, mutoto yangu. Anaingiaka tu."

Nilitaka kucheka nikashindwa. Nilikuwa nimekaa miezi mingi nikijisifu kwamba nimebuni, kumbe nilikuwa nimepunguza.

Tume ilifika Jumatano, watu watatu katika jeep moja, wakiwa wameshatimiza sehemu ya kwanza ya safari yao, yaani kununua nyanya njiani, Luvungi. Walivaa mabote mapya ya mpira yaliyokuwa bado na kikaratasi cha dukani. Shefu aliwatangulia akionyesha njia ya barabara ambayo hakuwahi kuikanyaga, akapotea mara moja, nikamsahihisha kwa adabu hadi nikawafikisha kwa mama mdogo, kana kwamba ndiye wa kwenye karatasi. Ndani kwa mama mdogo walipewa viti, wakaketi maji yakiwafikia nusu ya bote. Mkubwa wao, mtu mwenye miwani, alikuwa na ushuhuda wangu mkononi. Ulikuwa umekunjwa na kukunjuliwa mara nyingi, na mtu alikuwa amepigia mstari sentensi ambayo hata mimi niliiona nzuri.

"Ni weye uliandika hii, mama?" aliuliza.

Nilishika ukuta.

"Minye sijue kuandika," mama mdogo akasema. "Minye niliishi. Mwenye kuandika ni uyu mutoto." Akanielekeza kwa kidole cha maharagwe.

"Na huyu mugeni, anakuyaka saa gani?"

"Iko karibu. Mukae kidogo. Bote zenu ziko mpya, hazitaharibika."

Shefu alibaki mlangoni, mguu mmoja kwenye tofali. Baada ya chakula cha mchana upepo wa ziwa huwa unaamka, wakaaji wote wa kando ya maji wanaujua; mawimbi yanaanza kuja kwa mpangilio. La kwanza liligonga ukuta wa nyuma. La pili likafanya kuku waruke. La tatu lilipopiga, kipande cha ukuta kilichokuwa chini ya ufa kilitoka, kikaanguka ndani kwa kishindo cha taratibu, na ziwa likaingia kupitia pale, likasukuma kiti kimoja kitupu hadi kikagota kwenye kitanda cha mama mdogo.

Yule mwenye miwani alikuwa nje kabla sijageuka. Alisaini karatasi za tume juu ya boneti ya jeep, na alizisoma zote kabla ya kusaini. Nilitamani shefu aone jinsi inavyofanyika, lakini shefu alikuwa ameshafika kwenye barabara kavu.

Jibu lilikuja upesi kuliko majibu yote niliyowahi kuona. Parsele moja upande wa mlimani, yenye namba, iliyotolewa kwa mwathirika ambaye ushuhuda wake umegusa idara nzima. Nikasoma jina. Lilikuwa jina la mwanamke wangu wa kubuni. Serikali, katika wema wake wa kwanza na labda wa mwisho niliouona, ilikuwa imempa kiwanja mtu ambaye niliandika jina lake huku nikitafuna mandazi. Mama mdogo hakutajwa popote. Ushuhuda wake wa kweli ulikuwa bado kwenye mkoba wangu, mistari miwili.

Nililia ofisini, mbele ya benchi, nao wakadhani nimefiwa. Mzee mmoja wa Mutarule alinisogelea kunipa pole, kisha, kwa kuwa zamu yake ilikuwa imefika, akanikumbusha taratibu kwamba bado anangoja atestasio yake, ile ya mtu mmoja. Kwenye kadi alikuwa hivi, kwenye ubatizo alikuwa vile. Niliichukua fomu yake. Nilipoimaliza, nikachukua fomu nyingine.

Niliandika kwamba ofisi iliyotajwa hapo juu inathibitisha kuwa fulani, mkaaji wa barabara ya mwisho, na fulani, mkaaji wa barabara hiyohiyo, ni mtu mmoja na yuleyule. Jina la kwanza lilikuwa la mama mdogo. La pili lilikuwa la mwanamke asiyekuwepo. Alhamisi niliiweka kwenye farde, katikati, si juu wala chini. Shefu akainua kona. Katika miaka yangu yote ya kuandika uongo kwa ajili ya ofisi ile, sikuwahi kuandika karatasi ya kweli kuliko hiyo, na yeye hakuisoma.

Mama mdogo alihama kabla ya mwisho wa mwezi. Tulibeba kuku, sufuria, mlango, madirisha na mabati. Kitanda hakikutoka, mbao zilikuwa zimevimba kwa maji zikashikana. Tulikiacha juu ya matofali yake. Huko juu majirani wapya wanamwita kwa jina nililolibuni, kwa kuwa ndilo lililoandikwa kwenye kibao cha parsele, naye anaitika bila kusita. Aliwahi kuniambia kwamba ni jina zuri, ila lingefaa mtu mnene zaidi.

Nyumba ilianguka siku ya Jumapili, baada ya ibada. Kutoka kwenye parsele yake unaona kando yote ya ziwa, na tulikuwa tumesimama pale tukila mahindi. Haikufanya kelele yoyote iliyotufikia. Paa halikuwepo tena, zilibaki kuta nne, halafu tatu, halafu maji tu. Nyumba niliyolelewa. Nilitafuta neno la kejeli la kujisaidia nalo, kama kawaida yangu, sikulipata.

Mama mdogo alimaliza hindi lake, akafuta mikono kwenye kitenge.

"Sasa mugeni iko na kitanda yake," akasema.

Nilirudi nyumbani nikachukua fomu iliyoharibika, nikaigeuza, nikaandika hadithi ya Mgeni upya kutoka kichwani. Hodi niliitoa. Mwishoni niliweka maneno yake, kama alivyoyasema, na chini, pale ambapo sahihi yenye mkia ilikuwa, niliandika jina la kweli la mama mdogo.